Kabla ya Kuchora, Waite Watakaotumia
Mwongozo kwa fundi, mtendaji, afisa ugani na kiongozi wa kikundi, Ngara na Biharamulo

Mwaka 2006, mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera, ushauri uliotolewa ulikuwa mmoja: ukiona mgomba umeugua, ng'oa shina zima, mama pamoja na machipukizi yake yote, kisha uzike. Ushauri ule ulikuwa na msingi. Bakteria wa mnyauko huishi ndani ya mmea, huhama kwa panga lililokata mgomba mgonjwa, na hubebwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume. Lakini mwenye shamba alipoanza kuutekeleza alikutana na mambo mawili ambayo karatasi ya ushauri haikuyataja. Kung'oa shina lililokomaa ni kazi ngumu inayohitaji watu wenye nguvu na siku ya kutosha. Na kuondoa shina zima ni kuondoa chakula cha nyumba, maana chipukizi jipya huchukua mwaka au zaidi kutoa mkungu. Wengi hawakung'oa, na ugonjwa ukaendelea kutembea.

Baada ya kuona ushauri haufuatwi, watafiti wa nchi za Maziwa Makuu walirudi kuchunguza upya. Wakagundua kwamba bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote ya shina moja. Ndipo ikaja njia ya kukata mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, na kurudia kila dalili zinapojitokeza, huku ua dume likivunjwa kwa kijiti chenye panda na panga likipitishwa kwenye moto. Hiyo ni kazi ambayo mama mwenye panga moja anaweza kuifanya peke yake asubuhi, kisha akaendelea na shughuli zake.

Nimeanza na migomba kwa sababu wilaya hizi mbili zinaifahamu, na kwa sababu mfano huu unaonyesha gharama ya kuchelewa kumsikiliza mtumiaji. Mkulima alihitajika siku ushauri unatungwa. Aliitwa siku ya kuupokea.

Mwongozo huu ni kwako wewe uliyepewa kazi ya kubuni kitu kitakachotumiwa na wengine: kituo cha kuchotea maji, jiko banifu, mashine ya kusaga udaga, choo cha shule, fomu ya zahanati, hata programu ya simu. Nitatumia kituo cha maji kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila kijiji kina habari zake za maji, na hatua zenyewe unaweza kuzihamishia kwenye kazi yako.

KWA NINI UWAITE MAPEMA

Mtu anayechota maji kila siku anajua mambo ambayo hayamo kwenye vipimo vya mhandisi. Anajua njia inayoteleza masika, saa ambayo foleni hugeuka ugomvi, na nyumba isiyo na mtu wa kutuma. Ujuzi huo haupatikani kwa dodoso. Mara nyingi mwenyewe hajui kwamba anao mpaka umkute ameshika dumu.

Sababu nyingine ni ladha, na nasema ladha ya mdomoni hasa. Kati ya 1997 na 2002, mpango wa maendeleo ya jamii uliojulikana kama KCDP ulileta Kagera aina mpya za migomba, zikiwamo FHIA-17 na FHIA-23, kutoka maabara ya Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Mikungu ilikuwa mikubwa na migomba ilivumilia magonjwa, hivyo wakulima wengi waliipokea. Kwenye sufuria, hata hivyo, wengi waliona haifikii ndizi zao za kupika. Miaka ya baadaye aina za NARITA, zilizozalishwa na watafiti wa NARO ya Uganda pamoja na IITA, zilipoletwa Tanzania kufanyiwa majaribio, wakulima walizipima shambani na mezani pia: walipika, walionja, wakatoa alama zao. Mwaka 2021 aina nne kati ya hizo ziliidhinishwa kwa jina la TARIBAN 1 hadi 4. Mkungu mzito usiolika nyumbani haumsaidii mtu, na wa kulijua hilo ni mpishi.

Tena mkoa huu si mgeni wa kazi ya namna hii. Shamba darasa lilianzia kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, likafika Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia FAO. Wakulima hukutana kila wiki msimu mzima, wanapanda vipande viwili, kimoja kwa mazoea yao na kingine kwa njia mpya, kisha wanaamua wenyewe kwa macho yao. Kama kijijini kwako kuna kikundi kilichopita shamba darasa, anza nao. Tayari wana mazoea ya kujaribu, kulinganisha na kubishana bila kununiana.

HATUA YA 1: TENGA YALIYOFUNGWA NA YALIYO WAZI

Kabla hujamwita mtu yeyote, kaa na mwenye fedha na mtaalamu, muandike yale ambayo hayabadiliki na yale ambayo watu wataamua. Ukiruka hatua hii utawaita watu waseme, halafu uwaambie haiwezekani. Ukifanya hivyo mara moja, kikao cha pili utabaki na mwenyekiti wa kitongoji na watoto.

KISANDUKU: MFANO WA KITUO CHA MAJI

Yaliyofungwa
– Kiasi cha maji ambacho chanzo kinatoa.
– Fedha iliyopo.
– Viwango vya kitaalamu vya RUWASA (wakala wa maji vijijini), na usalama wa maji.
– Viwango vilivyowekwa na Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 (hakikisha toleo linalotumika sasa): lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kituo kimoja kwa watu 250.

Yaliyo wazi
– Mahali hasa pa kujenga, ndani ya eneo ambalo bomba linafika.
– Mpangilio: urefu wa jukwaa, njia ya baiskeli, mahali pa kusubiri, mifugo.
– Saa za kufungua na nani anashika ufunguo.
– Namna ya kulipia: kwa dumu, kwa mwezi au kwa kaya.

Orodha ya yaliyo wazi ikiwa tupu, usiitishe kikao cha kubuni. Itisha mkutano wa taarifa, na uuite hivyo hivyo. Hakuna ubaya wowote katika kutoa taarifa. Ubaya ni kuwaketisha watu saa tatu kujadili jambo lililokwisha kuamuliwa wilayani.

Usiifuate namba kama vile ardhi yote ni tambarare. Mita 400 kwenye vilima vya Ngara, ukiwa na kilo 20 kichwani na mteremko unaoteleza, si mita 400 za barabara ya Nyakanazi. Kiwango cha sera kiko palepale, lakini ndani yake pana nafasi kubwa ya kuchagua upande upi wa kilima, na hilo ni la watu wenyewe.

HATUA YA 2: CHAGUA WATU KWA MAJINA

Usiandike "wanawake 5, vijana 3". Andika fulani bin fulani, na mbele ya kila jina sababu ya kumwita. Watu 8 hadi 12 wanatosha. Wakizidi hapo, waongeaji wanabaki walewale watatu.

Tafuta hawa:
1. Anayechota mara nyingi kuliko wote. Mara nyingi ni mama mwenye watoto wadogo, au mama anayepika chakula au pombe ya kuuza.
2. Mtoto anayetumwa maji, akiwa na mzazi wake.
3. Mzee anayeishi peke yake, na mtu mwenye ulemavu.
4. Kijana anayeuza maji kwa baiskeli.
5. Mfugaji. Biharamulo usimsahau kabisa. Usipompangia mbauti ya kunyweshea, ng'ombe watakuja hata hivyo, na watakunywa kwenye tope la kituo chako.
6. Mwenye shamba linalopakana, ambaye maji ya kumwagika yatamfikia.
7. Atakayetengeneza kikiharibika, na anayetunza fedha za chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii.
8. Mtu mmoja anayejulikana kuupinga mradi.

Huyo wa nane viongozi wengi humkwepa. Mimi ningemwita wa kwanza. Mara nyingi ana sababu, na ni afadhali uisikie kabla zege halijamwagwa.

HATUA YA 3: NENDA UKATAZAME

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotoa mengi. Fika alfajiri kwenye chemchemi au kisima wanachotumia sasa. Omba ruhusa, amkia wakubwa, kaa pembeni. Dakika za mwanzo usiandike chochote, kwa sababu daftari la mgeni hubadilisha namna watu wanavyojibeba.

Kisha fuata dumu moja kwa macho, tangu linafika hadi linaondoka. Mama analisuuza. Analiweka chini ya mdomo wa bomba, linayumba kwa sababu chini si sawa, anatafuta jiwe la kulikazia. Linajaa. Mfuniko ulishapotea, kwa hiyo anaziba kwa kipande cha nailoni. Anapanga ngata kichwani. Halafu anasimama na kungoja. Ukimtazama kwa haraka utadhani anapumzika au anapiga soga. Anangoja mwenzake amtwishe, kwa sababu dumu la lita 20 lililoko chini hawezi kulipandisha kichwani peke yake bila kujiumiza mgongo. Mwenzake naye ana dumu lake linajaa. Hapo foleni inarefuka, na anayekuja saa za upweke, labda jioni sana, anarudi na nusu dumu.

Hakuna dodoso litakalokupa habari ya kule kungoja. Ukimuuliza mama huyo kituo kina tatizo gani, atakuambia maji ni machache. Lakini sasa umeona kwamba jukwaa la kuegesha dumu, lenye urefu unaomfaa, litamfanya ajitwishe mwenyewe. Umbo la kituo chako limeshaanza kubadilika, na wala hujachora mstari.

Hesabu pia. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250 kwa siku, yaani madumu ya lita 20 zaidi ya 312. Bomba likijaza dumu moja kwa dakika moja, bila hata dakika ya kubadilishana, ni zaidi ya saa 5 za bomba kutiririka mfululizo. Watu nao hawaji kwa kujigawa sawasawa kutwa nzima: wanasongamana asubuhi na jioni. Namba hii ichukue mpaka kikaoni. Itawasaidia watu kujadili saa za kufungua na idadi ya midomo ya bomba wakiwa na kitu cha kushika.

HATUA YA 4: PANGA KIKAO KINACHOWEZEKANA

Siku: epuka siku ya gulio, epuka Ijumaa mchana, na kumbuka kwamba Jumamosi ni ya Wasabato. Misimu ya kupanda watu wako shambani asubuhi. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ndicho chenye nafasi, na ndicho ambacho shida ya maji bado iko wazi machoni.

Mahali: palepale kituo kitakapojengwa. Ofisi ya kijiji ina viti vya mbele na viti vya nyuma, na kila mtu anajua chake.

Lugha: Kiswahili kinatosha kwa wengi, lakini bibi wa Ngara akieleza kwa Kihangaza au Kishubi anaeleza mara mbili zaidi. Biharamulo tegemea Kisubi, Kizinza na Kisukuma. Tafuta mkalimani ambaye si kiongozi. Mkalimani kiongozi hulainisha maneno.

Posho: sema tangu siku ya kualika kama ipo au haipo, na kama ipo iwe sawa kwa wote, kuanzia mwenyekiti hadi muuza maji. Wasiolipwa sawa hawasemi sawa.

HATUA YA 5: JENGA MFANO WA UKUBWA WA KWELI

Mchoro wa karatasi ni lugha ya mafundi. Ukimwonyesha mtu asiyezoea michoro atasema ni nzuri, kwa adabu tu. Badala yake jenga kituo chako cha uongo siku hiyohiyo, kwa ukubwa halisi. Utahitaji:

– Majivu ya kuchorea chini.
– Tofali mbichi 60 au zaidi, za kuazima.
– Miti ya mikaratusi na kamba ya katani.
– Madumu ya lita 20, 10 na 5, yote yamejaa maji. Dumu tupu halisemi ukweli.
– Baiskeli moja iliyofungwa madumu.

Fanya hivi:

1. Chora kwa majivu umbo la kituo, na simika mti mahali pa bomba.
2. Panga tofali kuwa jukwaa, kwa urefu unaoukisia.
3. Mwombe mama mmoja achote, afunike, ajitwishe. Asieleze. Afanye.
4. Ongeza tofali, mwache arudie. Punguza, arudie. Mwingine mfupi, kisha mrefu, kisha bibi.
5. Mwite mtoto na dumu lake la lita 5. Hapa ndipo utakapogundua kwamba urefu unaomfaa mama unamshinda mtoto. Msikimbilie wastani, kwa maana wastani hautamfaa yeyote. Pangeni ngazi mbili za jukwaa na mjaribu tena.
6. Ingiza baiskeli. Tazama inageukia wapi na inaegemea nini wakati madumu yanafungwa.
7. Mwaga dumu zima pale bomba lilipo. Fuateni maji yanakokwenda. Kama yanaingia shamba la jirani, mwenye shamba yuko hapo, pangeni naye mfereji kwa jembe saa hiyohiyo. Mfugaji naye aonyeshe ng'ombe watapita wapi kufika kwenye mbauti bila kukanyaga wanaochota.
8. Pima kila kitu kwa futi kamba na uandike. Piga picha kwa ruhusa.

Kanuni moja naisisitiza: fimbo ya kuchorea chini ukishaitumia mara ya kwanza, mkabidhi mtu mwingine, wala usiichukue tena. Ukiishika, kila jicho litakutazama wewe na kungoja uamue. Ikiwa mkononi mwa mama anayechota, fundi ndiye atakayeuliza maswali.

KISANDUKU: NAMNA YA KUULIZA

Ukisema, "Mnaonaje mradi huu?" utajibiwa, "Ni mzuri, tunashukuru." Mgeni hakosolewi kwa swali kama hilo. Jaribu haya:

– "Mama, nionyeshe unavyofanya siku ukiwa peke yako."
– "Mzee, hapa pangekuwa kwako ungeondoa nini?"
– "Bibi, juzi mvua iliponyesha ulipitia wapi?"
– "Kaka, madumu yakiwa manne baiskeli inasimamaje?"
– "Nani hatakuja kuchota hapa, na kwa nini?"

Mtu akinyamaza, nyamaza naye kidogo. Usimjazie jibu.

HATUA YA 6: AMUENI KWA MAHARAGE

Mifano miwili ikibaki na watu wamegawanyika, msipige kura kwa kunyoosha mikono. Mke ataangalia mkono wa mumewe, na kijana mkono wa mwenyekiti. Weka makopo mawili nyuma ya ukuta au uzio, kila moja na picha au alama ya mfano wake. Kila mtu apewe maharage matatu: wanawake mekundu, wanaume ya njano. Anaweza kuyaweka yote kopo moja au kuyagawa.

Hesabuni mbele ya wote. Rangi zitakuonyesha jambo ambalo jumla peke yake ingelificha. Mfano ukishinda kwa maharage ya njano huku mekundu karibu yote yakiwa kwenye kopo la pili, kituo hicho kimepitishwa na wasiochota. Rudini kwenye tofali.

HATUA YA 7: PELEKA KWENYE MKUTANO MKUU WA KIJIJI

Kikundi cha watu 12 hakina mamlaka ya kuamua kwa niaba ya kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18. Waache waliojenga mfano waueleze wenyewe, wakiwa na vipimo na sababu zake. Mtendaji aandike kwenye muhtasari uamuzi pamoja na sababu. Miaka mitatu baadaye, mtu akitaka kubomoa ngazi ya watoto ili aweke tangi, sababu iliyoandikwa ndiyo itakayoitetea.

Kama mhandisi amebadilisha jambo lililokubaliwa, lazima arudi kulieleza kabla ya ujenzi. Kubadilisha kimyakimya huharibu imani kuliko kukataa waziwazi.

KISANDUKU: KAMA UNABUNI FOMU AU PROGRAMU YA SIMU

Njia ni ileile. Wenye kompyuta walijifunza njia hii kwa wafanyakazi: mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kristen Nygaard wa Norwe alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili mitambo mipya isipangwe bila wao. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS, ambao chimbuko lake ni Afrika Kusini miaka ya 1990, ulikuzwa kwa mtindo huo chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake hapa nchini.

Kaa na muuguzi wa zahanati siku ya kliniki, umtazame akijaza vitabu vya takwimu za afya (MTUHA) huku akina mama wanasubiri. Chora kurasa za programu yako kwenye karatasi, umpe azibonyeze kwa kidole, wewe ubadilishe karatasi kama vile ndiyo simu. Jaribu kwenye simu ndogo ya bei nafuu, mahali penye mtandao hafifu, kwa mtu ambaye chaji yake imebaki kidogo. Anapokwama, usimwelekeze. Andika alipokwama.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kuja na mchoro uliokamilika. Hata ukisema mko huru kuubadilisha, hakuna atakayeugusa. Umetumia fedha na wino, na watu wana adabu.

Kudhani tangazo ni ushirikishwaji. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, inasikika mbali na inafaa sana kuwajulisha watu tarehe na mahali. Tangazo halina dumu mkononi, hata hivyo. Baada ya redio bado una kazi ya kwenda.

Kuwachosha walewale. Kila kijiji kina mama mmoja hodari ambaye kila mradi humwita. Mheshimu kwa kumpumzisha, umwombe akuelekeze kwa mwingine.

Kukimbiza watu wakati wa kujaribu. Mfano wa tofali unahitaji asubuhi nzima. Mabadiliko mazuri hutokea baada ya watu kuchoka kuwa na adabu.

Mtaalamu kunyamaza. Kosa hili ni la watu wema, na linaumiza. Wanaogopa kuonekana wanajua sana, basi wanaacha kila kitu kwa kikundi. Kikundi kikitaka choo kijengwe juu ya mteremko unaoelekea kisimani, ni wajibu wako kusema hapana, na kuonyesha kwa nini: mimina maji juu, watazame yanakoishia. Wao wanajua maisha yao, nawe unajua bakteria na zege. Mkipungukiwa na upande wowote, kitu kitakuwa kibovu. Lawama utakuwa nazo wewe, na maji machafu watakunywa watoto wao.

HATUA YA 8: RUDI

Tenga sehemu ya fedha kwa marekebisho tangu mwanzo, na mwenye fedha aiandike kwenye bajeti kwa jina hilo. Bila hiyo, kurudi kwako ni salamu tu. Rudi baada ya masika ya kwanza, kisha mwisho wa kiangazi cha kwanza, kwa sababu kituo kilekile kina matatizo tofauti kwenye tope na kwenye ukame. Waite watu walewale wa Hatua ya 2, uongeze wawili ambao hawachoti hapo.

Nenda na orodha hii:

☐ Nimetazama alfajiri tena, kabla ya kuuliza mtu.
☐ Mama aliyekuwa akingoja kutwishwa, sasa anajitwisha?
☐ Ngazi ya watoto inatumiwa na watoto, au imegeuka kiti?
☐ Maji ya kumwagika yanaishia pale tulipopanga?
☐ Ng'ombe wanapita njia yao?
☐ Kuna njia mpya ya miguu ambayo hatukuichora? Inatoka kwa nani?
☐ Saa za kufungua zinafuatwa, na nani analalamika?
☐ Koki ikivuja leo, spana iko nyumbani kwa nani, na yuko kijijini?
☐ Mabadiliko waliyoyafanya wenyewe bila kuniambia nimeyaandika na kuyapima, ili kituo cha kijiji kinachofuata kianze nayo.